Mkono Nliutia Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya sufu. Nilikuwa nimeshuka Mombasa kutoka Ukambani na shahada ya sheria, kitabu kimoja cha sheria za jinai, na suti hiyo ambayo mama aliniambia nisiivue mpaka wakubwa wanione. Kufikia saa nne asubuhi shati lilikuwa limenigandia mgongoni kama stempu. Nilipoingia katika ofisi ya waendesha mashtaka, askari wa mlangoni aliniuliza kama naumwa.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaokuta feni, kompyuta na mwongozo mnene wa kila kosa. Siwaandikii kwa sababu nilikuwa hodari. Kesi nilizoshinda kwa haki nimezisahau karibu zote. Ninayoikumbuka vizuri ni moja, nayo niliishinda kimakosa.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Inspekta. Wakati huo mashtaka mengi yaliendeshwa na polisi, na sisi wenye shahada tulikuwa wachache, tukitazamwa kama wageni waliokuja karamuni na vijiko vyao. Inspekta alikuwa na kitambi, upara, na subira isiyozidi dakika tano.

"Umesoma?" aliniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Basi niambie, kughushi ni nini?"

"Ni kuandika uongo kwenye hati, afande, kwa nia ya..."

"Kaa hapo."

Alichukua karatasi akaandika: Mimi ni kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Akatia sahihi yake, akanisogezea. "Huu ni uongo au si uongo?"

Kila jibu lilikuwa na hatari yake.

"Sema, usiogope. Upara nauona kila nikinyoa ndevu."

"Ni uongo, afande."

"Nimeghushi?"

Nikasema ndiyo. Askari wa mlangoni akacheka. Inspekta akachukua karatasi ya pili, akaandika maneno yale yale, lakini chini yake akatia jina langu. "Hii ndiyo ya kughushi. Ile ya kwanza inasema imeandikwa na mimi, na kweli nimeiandika mimi, japo naongopa. Hii inasema imeandikwa na wewe. Hati ya kughushi, kijana, inadanganya kuhusu yenyewe: nani kaiandika, lini, kwa ruhusa ya nani. Uongo mwingine wote ni habari nyingine. Sasa vua hilo koti kabla hujatufia."

Karatasi zile mbili ninazo hadi leo. Sikufundishwa kitu kikubwa kuliko hicho kwa miaka minne chuoni, au huenda nilifundishwa siku ambayo sikwenda.

Mambo ambayo lazima yathibitishwe ili kosa liwe kosa, Inspekta aliyaita viungo. "Kama vya pilau," alisema. "Kikikosekana bizari, hiyo si pilau, ni wali uliounguzwa." Kughushi kuna viungo vitatu: hati iwe ya uongo kwa maana ile aliyonionyesha, aliyeitengeneza awe ni huyu aliyesimama kizimbani, na awe ameitengeneza kwa nia ya kulaghai. Nia ndiyo ngumu, kwa sababu haionekani. Unaifuata kwa nyayo zake, kama unavyojua paka amepita jikoni kwa kuona kifuniko kimekaa upande.

Miaka ya mwanzo nilizungushwa mahakama zote za kisiwani. Nilianza na kesi za barabarani, nikaenda kesi ndogo za mjini, mara wizi wa baiskeli, mara ugomvi wa mpaka wa ukuta. Halafu nikawekwa meza ya udanganyifu. Hapo nilijifunza kwamba kosa la kujipatia kitu kwa udanganyifu linataka uongo kuhusu jambo lililopo au lililokwisha kupita. Ahadi ya kesho haitoshi. Tulikuwa na bwana mmoja aliyemwambia fundi cherehani wa Mji wa Kale kwamba yeye ni mhandisi wa meli na anaoa Ijumaa, akashonewa kanzu mbili na joho moja, akapotea nazo. Kumbe alikuwa mlinzi wa ghala. Kizimbani akajitetea kwamba kuoa alikusudia kweli, ila bibi harusi alibadilisha mawazo.

"Kuoa kwako hakutuhusu," Inspekta akamwambia. "Hiyo ilikuwa kesho. Tuambie ile meli."

Bwana yule akafikiri sana, akasema, "Meli ilikuwapo, ila haikuwa na habari nami." Hakimu alilazimika kuinama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Inspekta alipostaafu, ofisi ilichukuliwa na wanasheria, na tukaletewa mkuu mpya, mama mmoja mwembamba, mpole wa sauti, asiyesamehe faili chafu. Tulimwita Mama Mkuu. Ni katika wakati wake ndipo makosa ya kompyuta yalipoingia. Nilipelekwa Nairobi kwenye mafunzo, nikarudi nimejaa maneno. Nilisimama mbele ya wenzangu nikaeleza mifumo, vifaa, data na namba za siri mpaka wote wakasinzia. Mama Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Asante. Sasa tufupishe. Mtu ameingia mahali. Je, aliruhusiwa? Je, alijua kwamba hakuruhusiwa? Ni mlango ule ule, kilichobadilika ni kitasa. Ukiniletea faili la kompyuta, swali langu la kwanza litakuwa idhini."

Nikaandika kwenye daftari: idhini. Nikapiga mstari chini yake mara mbili. Mstari haukunisaidia kitu.

Kwa maana baada ya miaka mingi, nikiwa sasa mkongwe wa meza ile, likaja faili la Bi Zuhura. Alikuwa mama wa mtaa wa Kibokoni, wa makamo ya kukaribia uzee. Mume wake, Mzee Athmani, alikuwa mchonga milango mpaka kiharusi kilipomlaza na kumwondolea maneno. Hawakujaaliwa watoto. Baada ya ugonjwa ule, ilisajiliwa hati ya hiba, yaani zawadi ambayo mtu huitoa akiwa hai, na kwa hati hiyo Mzee alimpa mkewe ghorofa ya juu ya nyumba yao, pale walipokuwa wakiishi. Bila ya hiba, siku Mzee akifa, sehemu kubwa ya nyumba ingekwenda kwa ndugu yake, na mjane angeishi hapo kwa hisani.

Aliyelalamika ndiye ndugu mwenyewe, Bwana Salimu, fundi saa. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo mapema. Alileta karatasi za zamani zenye sahihi ya kaka yake, sahihi nzuri ya mtu aliyezoea patasi, akaiweka ile ya kwenye hiba kando yake. "Ndugu yangu mkono wake ulikuwa ukitiririka," aliniambia. "Huu umetambaa. Huu si mkono wake."

Mchunguzi wa hati akakubali kwamba sahihi haifanani na zile za zamani. Na kwa kuwa hati ilipelekwa kwa njia ya mtandao, kupitia namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya Mzee, na simu hiyo hufunguliwa kwa kidole cha Mzee, mashtaka yakawa matatu: kughushi, kuwasilisha hati ya uongo, na kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Nililipenda faili lile. Lilikuwa na sheria ya zamani na sheria mpya katika jalada moja. Nilijiona kama mpishi aliyeletewa viungo vyote sokoni kwa siku moja.

Mama Mkuu alilipitia. "Na idhini?"

"Haipo, Mama."

"Haipo, au hukuitafuta?"

"Mzee hasemi, Mama. Mtu asiyesema ataidhinishaje?"

Alinitazama kidogo, akaweka sahihi yake, akanirudishia. Nilidhani nimemridhisha.

Siku ya kusomewa mashtaka Bi Zuhura alikuja peke yake, hana wakili, amevaa buibui lililopauka mabegani. Karani wa mahakama hiyo, ambaye pia ndiye mkalimani, alikuwa Bi Rukia, mzaliwa wa Mji wa Kale, lakini siku hiyo alikuwa na ruhusa ya ugonjwa. Aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana wa bara kama mimi, mwenye Kiswahili cha vitabuni kama changu. Hakimu naye alikuwa mtu wa bara. Ukitutazama, tulikuwa watu watatu waliokuja pwani kuhukumu maneno ya watu wa pwani.

Karani akasoma shtaka, kwamba alitia mkono katika hati ya hiba kwa jina la mumewe. Akauliza kama ni kweli.

"Mkono nliutia mimi," akasema Bi Zuhura. "Yeye hakuweza."

"Na simu ya mumeo, ni wewe uliyeifungua?"

"Kwa kidole chake, ndiyo. Nacho nlikitia mimi."

Hakimu akaandika. Nikasimama, na nakumbuka nilivuta koti langu kwa mbele, kama mtu anayepigwa picha. "Mheshimiwa, mshtakiwa amekiri." Nikasoma maelezo ya kesi. Akaulizwa kama maelezo ni sahihi, akasema sawa, kisha akauliza kama angeweza kwenda, kwa sababu Mzee alikuwa hajageuzwa ubavu tangu asubuhi.

Akatiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe. Hakimu akampa dhamana, akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni, akaahirisha hukumu kwa wiki mbili. Kosa lile lina kifungo. Mchana ule nilivuka kwenda upande wa Ngome ya Yesu nikanywa maji ya madafu mawili kwa furaha. Makosa matatu, dakika ishirini.

Jumatatu iliyofuata Bi Rukia alirudi kazini. Ilikuwa desturi yake kupitia kila faili lililoshughulikiwa akiwa hayupo, kama mama anayerudi safari na kuhesabu sufuria. Saa tano akanikuta kwenye korido.

"Wakili, hebu ndoo."

Nikaenda, maana ndoo kwao ni njoo.

"Kiswahili ulisoma wapi wewe?"

"Shuleni, Bi Rukia. Na chuo kikuu kidogo."

"Ndiyo maana." Akafungua faili. "Hapa pameandikwa alikiri kutia sahihi ya mumewe. Nataka maneno yake yenyewe, kwa mdomo wake. Alisema, 'Nlitia mkono'? Au alisema, 'Mkono nliutia'?"

"Kuna tofauti gani?"

"Jibu swali. Si nyinyi hupenda kutuambia hivyo?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilimsikia tena kizimbani, sauti isiyo na wasiwasi wowote, sauti ya mtu anayeulizwa nani alipika. "Alisema, 'Mkono nliutia mimi. Yeye hakuweza.'"

Bi Rukia akafunga faili. "Kutia mkono ni kutia sahihi. Hilo hata wewe walijua. Lakini huyu kasema nliu-tia. Mkono upi huo anaouzungumzia kama kitu kinachojulikana? Huenda ni sahihi. Huenda ni mkono, Wakili. Huu." Akainua wake, wenye urembo wa piko uliokwisha kufifia, akauweka juu ya faili. "Mume kapooza. Mkono haunyanyuki. Mtu kauchukua, kautia juu ya karatasi."

"Inaweza kuwa hivyo," nikasema polepole.

"Inaweza. Na inaweza isiwe. Sasa wewe ulimfunga mtu kwa inaweza?"

Nikarudi mezani nikaitoa ripoti ya mchunguzi wa hati. Ukurasa wa kwanza niliujua kwa moyo. Ukurasa wa pili sikuwahi kuufungua. Pini ilikuwa bado imekaza, haina hata alama ya ukucha. Chini kabisa, mstari wa mwisho, mchunguzi alikuwa ameandika kwamba mtetemeko na shinikizo la kalamu vilionyesha uwezekano wa mkono uliosaidiwa, na akashauri mwenye sahihi aonwe. Mkono uliosaidiwa ni neno la kazi yao: mtu dhaifu akishikwa au kuinuliwa mkono ili aandike mwenyewe, mistari hutoka hivyo, imetambaa. Na kama mapenzi ni yake na mwandiko ni wake, hati ile haidanganyi kuhusu yenyewe. Nilizitoa zile karatasi mbili za Inspekta kwenye droo nikazitazama. Aibu niliyoona sikuwa nimewahi kuiona, isipokuwa labda siku ya suti.

Siku iliyofuata nilikwenda Kibokoni pamoja na afisa mpelelezi na afisa wa probesheni. Ngazi zilikuwa nyembamba, tukapanda mmoja mmoja. Bi Zuhura alitupokea bila mshangao. Nadhani alifikiri kwamba baada ya mahakama, serikali huja kuangalia mgonjwa.

"Karibuni. Karibuni ndani. Mwaonaje hali?"

Mzee Athmani alikuwa amelala karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, kofia yake imenyooka. Macho yake yalitufuata mmoja baada ya mwingine na yakatulia kwangu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nikanyoosha mkono. Wake ukabaki juu ya shuka.

"Ngoja," akasema Bi Zuhura. "Ngoja nimtie mkono."

Nilimsikia. Afisa wa probesheni alimsikia. Afisa mpelelezi, ambaye ndiye aliyeandika taarifa ya Bi Zuhura polisi, kwa Kiingereza, alimsikia pia, na akageuka kutazama ukuta. Bi Zuhura akauchukua mkono wa mumewe chini ya kifundo, akaunyanyua kama unavyonyanyua birika la moto, akautia ndani ya kiganja changu. Kisha akauachia. Na vidole vya Mzee, vyenyewe, vikanibana. Vilikuwa na nguvu. Alikuwa mchonga milango.

 "Bi Zuhura, ile siku ya hati, tuonyeshe ilivyokuwa."

"Kama hivyo tu."

Tukaweka karatasi juu ya ubao mapajani mwa Mzee. Bi Zuhura akampa kalamu katikati ya vidole, akaunyanyua mkono, akautia juu ya karatasi, akaondoa wake, akaukunja kifuani.

"Mimi hufika hapo," akasema. "Yaliyobaki ni yake."

Mzee akaandika. Ilichukua muda ambao sijui kuupima. Jina lilitambaa, likapanda, likashuka, na mwishoni likapinda mkia ule ule uliokuwamo kwenye karatasi za zamani za Bwana Salimu, mkia wa mtu anayemaliza ua kwenye kizingiti.

"Na simu?" akauliza afisa mpelelezi. Nafikiri alitaka walau shtaka la tatu libaki.

"Simu pia. Nambie wataka nini kwenye simu yake?"

"Ifungue tu, tuone."

Bi Zuhura akaichukua simu, akaushika mkono wa Mzee aupeleke kwenye kioo. Mkono ukakunja ngumi. Akajaribu kukitoa kidole, akicheka. "Ifungue, Athmani, wataka kuona." Ngumi ikakaza. Macho ya Mzee yalikuwa kwa afisa mpelelezi, na hayakuwa macho ya mgonjwa.

"Basi hataki," akasema Bi Zuhura, akarudisha simu mahali pake. "Hapendi watu kwenye simu yake. Asipotaka hukunja, nami siwezi kumfungua. Siku ile ya hati alinyoosha mwenyewe."

Hapo nikaiona ile idhini niliyomwambia Mama Mkuu kwamba haipo. Ilikuwa kwenye kidole cha mtu asiyesema. Mkono unaoweza kukataa, siku ukikubali, umekubali.

Tuliposhuka ngazi afisa mpelelezi alisema, "Wakili, mimi niliandika nilivyosikia."

"Mimi pia," nikamwambia. "Tulisikia pamoja."

Mama Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku ya mafunzo.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia kesi uliyoshinda umeshindwa."

"Ndiyo, Mama."

"Kuna mwenzako anaweza kusimama akaiondoa, kama waona haya."

"Naona haya, Mama. Lakini nitasimama mwenyewe."

"Vizuri." Akatia sahihi idhini ya kuondoa mashtaka. "Nami niliweka sahihi yangu kwenye faili lile nikijua hukulitafuta jambo nililokuuliza. Tutagawana haya hiyo."

Siku ya hukumu Bi Rukia alikuwa kwenye kiti chake. Nilieleza kila kitu: neno, ukurasa wa pili, ngumi. Hakimu alinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu, kisha akamtazama Bi Rukia. "Karani, wewe waelewaje maneno hayo?" Bi Rukia akasimama akayatafsiri upya, neno kwa neno, na safari hii hakimu aliandika bila kuinua kichwa. Akafuta kukiri, akafuta kutiwa hatiani, akakubali mashtaka yaondolewe. Bi Zuhura akaambiwa yuko huru.

"Kwani nlikuwa nimefungwa?" akamuuliza Bi Rukia.

"Ulikuwa umefungwa nusu, dada."

"Hatta!" Akanigeukia. "Na ule mkono? Ni wa nani sasa?"

"Ni wake, Bi Zuhura."

"Nliwambia tangu siku ya kwanza," akasema, akashika njia, kwa sababu Mzee alikuwa hajageuzwa ubavu.

Bwana Salimu alibaki benchi la nyuma baada ya watu kutoka. Nilikaa kando yake nikamweleza habari ya kiharusi na mkono uliosaidiwa. Nikamuuliza mara ya mwisho alimwona lini kaka yake.  Walikuwa wamegombana kabla ya ugonjwa, kwa jambo ambalo hata hakutaka kulitaja kwa udogo wake, na hakuwa amepanda ngazi zile tangu wakati huo.

"Mkono niliokuwa nao kichwani," akasema, "ni ule wa zamani."

"Nenda ukauone huu," nikamwambia. Hiyo haikuwa kazi ya mwendesha mashtaka.

Nilistaafu mwaka uliofuata, miaka michache kabla ya muda wangu. Nikabaki Mombasa, Tononoka, nyumba ile ile niliyoipanga siku za kazi. Ndugu zangu wa Ukambani husema nimekuwa mtu wa pwani, na watu wa pwani hunifahamisha kwa upole kwamba bado. Jioni huenda ufuoni Mama Ngina nikala mihogo ya kukaanga, nikifikiri juu ya viungo. Nadhani kitu kimoja sikukiona katika vitabu vyote. Vitabu hueleza viungo vya kosa la mshtakiwa, lakini viungo vya kosa la mshtaki havikuandikwa popote: karatasi ambayo hakuigeuza, neno ambalo aliona limemtosha, na ile hamu ya dakika ishirini. Kwangu mimi vyote vitatu vilithibitishwa. Nia tu ndiyo iliyokosekana, na kwa kukosekana kwake mimi niliachiliwa, ilhali mwingine angekwenda jela.

Mwezi uliopita Bi Rukia alikuja mlangoni kwangu asubuhi. "Mzee Athmani hatunaye," akasema. "Wamzika adhuhuri. Vaa, twende ukatoe mkono." Kutoa mkono, huku, ndiko kuwapa wafiwa pole. Hilo nilikuwa nalijua, angalau.

Nikasitasita. Nilisema huenda watu wa nyumba ile hawataki kuniona. Nilisema nitaandika barua.  Bi Rukia alinishika mkono wa shati akanivuta mpaka barabarani, na hakuniachia mpaka tulipofika Kibokoni, mbele ya baraza walipokaa wanaume. Yeye akapanda juu kwa wanawake.

Aliyekuwa akipokea watu ni Bwana Salimu. Akaushika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Nilikwenda," akaniambia taratibu, kama anayeendeleza mazungumzo ya jana. "Siku ya kwanza shemeji alimtia kaka mkono anipe, kaka akakunja ngumi. Siku ya pili akakunja. Siku ya tatu akaufungua." Mkono wangu alikuwa hajauachia. "Nimekuwa nikija kumgeuza ubavu, wakati wa alasiri, shemeji apate kulala."

Nikakaa barazani na wengine. Baada ya muda Bi Rukia akashuka, akasimama kwenye kizingiti, macho yamemvimba, na kando ya mdomo pana kitu kinachotaka kuwa kicheko. Bi Zuhura alikuwa ndani, hakuweza kuonana na wanaume wa nje katika hali ile, lakini alikuwa ameambiwa nani amekuja.

"Wakili," akasema Bi Rukia, na baraza zima likageuka kusikiliza, "mwenye msiba yuwauliza. Mkono kautoa mwenyewe, au katiwa?"

Nilitazama mkono wa shati langu, uliokuwa bado umekunjamana pale alipokuwa ameushika.

"Mwambie nimetiwa," nikasema.